Kufundisha Kiingereza Uchina: Karatasi Kwanza, Ndege Baadaye

Mzee mmoja alishuka basini alfajiri akitoka kijiji kimoja cha Mbinga, akaja moja kwa moja ofisini kwetu Ilala, kofia mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Karani ndiwe wewe?" Nikamjibu ndimi. Akaketi, akavuta pumzi, kisha akatoa bahasha iliyokunjwa ndani ya gazeti.

Habari yake ilikuwa hii. Mwanawe alimaliza chuo cha ualimu, akapata stashahada, na mpaka leo ni mwaka wa tatu anangoja ajira. Hapo Kariakoo alikutana na bwana mmoja ambaye, kwa maneno yake, huwatafutia vijana kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Uchina. Mshahara mkubwa, nyumba bure, tikiti ya ndege bure. Ila kabla ya hayo yote ya bure, kijana alitakiwa kulipa shilingi milioni 4. Mzee aliuza mitamba miwili na kukopa kwa ahadi ya kahawa ya msimu ujao. Milioni 2 zilikwisha kulipwa.

"Nimeambiwa umesomea ualimu, tena wewe ni mtu wa mjini," akasema. "Nisomee karatasi hii. Niambie, mwanangu anakwenda kazini, au anakwenda kupotea?"

Karatasi ilikuwa na muhuri mwekundu wa duara, nayo imeandikwa Kichina tangu juu hadi chini. Mimi Kichina sikijui hata neno moja. Lakini kutoka kwetu hata Kariakoo ni mwendo wa miguu tu, na namjua binti mmoja afanyaye kazi ya ukalimani katika duka la mikoba la Mchina. Tukaenda wote wawili, tukipenya katikati ya mikokoteni na wachuuzi. Binti akaisoma karatasi mara mbili, kisha akamtazama mzee kwa huruma.

"Baba, hapa hapana habari yo yote ya ualimu. Hii ni barua ya kumwalika mfanyabiashara aje Guangzhou kutazama mizigo."

Ndugu wasomaji, nimeona yafaa niandike habari hii kwa urefu. Huyu mzee si wa kwanza kufika ofisini na bahasha kama ile, na huko vijijini ndiko fedha zitokako. Sisemi kwamba kazi Uchina hakuna. Zipo, na wako Watanzania wafanyao kazi za halali huko. Lakini nchi ile ina sheria zake, na anayezijua kabla ya kuuza ng'ombe yu katika hali tofauti kabisa na anayezijua baada ya kuuza.

Tuanze na neno ambalo madalali hawalisemi. Tangu tarehe 1 Aprili 1917 + miaka mia, yaani mwaka 2017, Uchina ina utaratibu mmoja kwa nchi nzima wa kuwapa wageni ruhusa ya kazi. Wageni hupangwa katika madaraja matatu, A, B na C, na walimu wa lugha kwa kawaida huingia daraja la B. Mwalimu wa lugha ya kigeni hutakiwa afundishe lugha aliyozaliwa nayo, tena awe ametoka katika nchi yenye lugha hiyo. Atakiwa kuwa na shahada ya chuo kikuu, na miaka 2 ya kazi. Hiyo miaka 2 husamehewa kwa mwenye shahada ya elimu au ya lugha, au mwenye cheti cha ualimu kinachokubaliwa. Shahada yenyewe haisamehewi.

Sasa, kwa Kiingereza, nchi zinazohesabiwa kwa kawaida ni Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Tanzania haimo. Kenya na Uganda hazimo. Twaweza kunung'unika, na mimi hunung'unika, maana nimewasikia walimu wetu wanaosema Kiingereza safi kuliko Waingereza wengine. Lakini manung'uniko hayapigi muhuri wa viza. Baadhi ya miji hulegeza kamba kidogo, hasa kwa mtu aliyepata shahada yake katika mojawapo ya nchi nilizozitaja. Hata hivyo kijana wa stashahada kutoka Mbinga, aliyesomea chuo cha hapa hapa, mlango huo kwake umefungwa. Hata mimi mwenyewe, niliyesomea ualimu, nisingepita.

Jambo la pili lilitokea mwezi wa Julai 2021. Serikali ya Uchina ilitoa amri ya kupunguza mzigo wa masomo kwa watoto. Masomo ya ziada ya kulipia, yaani tuisheni, yalikatazwa kufanywa kwa faida kwa masomo makuu ya shule za lazima, na Kiingereza kimo. Kuwafundisha lugha za kigeni watoto wasiofikia umri wa shule katika vituo vya tuisheni kulipigwa marufuku pia. Vituo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiajiri walimu wa Kiingereza kwa wingi. Kampuni moja kubwa, New Oriental, mkuu wake alieleza Januari 2022 kwamba ilikuwa imewaachisha kazi watu 60,000. Basi dalali anayekuambia leo kwamba Uchina "wanalilia walimu wa Kiingereza" anasimulia habari za zamani, au anakusudia kukupeleka mahali pasipo na ruhusa.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kijana hupelekwa kwa viza isiyo ya kazi. Viza za Uchina hutambuliwa kwa herufi. L ni ya matembezi. M ni ya biashara, na ndiyo ambayo barua ya mzee wetu ingeombea. X ni ya masomo: X1 kwa anayekaa zaidi ya siku 180, X2 kwa asiyezidi hapo. Viza ya kazi kwa kawaida ni Z. Dalali husema, "Ingia kwanza kwa M, tutabadilisha ukifika." Kijana akifika, huwekwa katika shule ndogo ya chekechea, aimbe na watoto na kupigwa picha. Mwajiri huichukua pasipoti "aitunze". Mwezi wa kwanza mshahara huja nusu. Mwezi wa pili huambiwa angoje. Atamshitaki nani, naye mwenyewe amevunja sheria?

Sheria yenyewe si ya mchezo. Ni sheria ya kuingia na kutoka nchini, iliyopitishwa mwaka 2012 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2013. Kifungu cha 80 chasema mgeni afanyaye kazi bila ruhusa hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa hufungwa siku 5 hadi 15 pia. Tena aweza kurudishwa kwao na kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka 1 hadi 5. Mwajiri naye hutozwa yuan 10,000 kwa kila mgeni, lakini yeye yuko kwao na duka lake. Kijana ndiye anayelala mahabusu, lugha hajui, mama yake yuko Ruvuma hana habari.

Basi kazi ya halali huendaje? Nitaieleza kwa taratibu, maana utaratibu wenyewe ndio kipimo.

Shule ya Uchina, nayo yenyewe iwe na ruhusa ya kuajiri wageni, humwomba mwalimu vyeti vyake: shahada, barua za kazi alizofanya, cheti cha polisi kwamba hana makosa ya jinai, na cheti cha daktari. Shahada na cheti cha polisi huthibitishwa kwanza na serikali yetu, kisha na Ubalozi wa Uchina. Shule huvipeleka kwa wakuu wa kazi wa mji wake. Wakikubali, hutoa karatasi maalumu ya taarifa ya ruhusa ya kazi kwa mgeni, yenye jina la mwalimu, jina la mwajiri na namba. Karatasi hiyo hutoka huko Uchina ikaja huku. Mwalimu huichukua, huenda nayo ubalozini Dar es Salaam, ndipo huomba viza Z. Ndege huja mwisho kabisa. Akifika, huandikishwa polisi katika muda wa saa 24 kama hakupanga hotelini. Katika siku 15 huombewa ruhusa yenyewe ya kazi, na katika siku 30 huomba kibali cha kukaa. Ruhusa ile hutaja mwajiri mmoja. Akienda kufundisha kwa mwingine bila kubadilisha ruhusa, amerudi kuwa mvunja sheria kama yule wa viza M.

Mwaona, basi. Mtu anayesema "lipa, uruke, karatasi zitafuata" ameupindua utaratibu kichwa chini, miguu juu. Hapo huhitaji kujua Kichina.

Zamani safari za Uchina hazikuwa za namna hii. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu Juni mwaka ule ule. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Walipelekwa na serikali zao, kwa majina yao, na waliporudi kazi iliwangoja. Siku hizi kila mtu hujipeleka. Hapa Kariakoo kuna watu waendao Guangzhou mara nne kwa mwaka kununua nguo, vyombo na simu, nao huijua njia kama waijuavyo njia ya Chalinze. Sina ugomvi nao. Ila dalali wa kazi hujificha katika kivuli chao. Kwa kuwa watu wengi huenda na kurudi salama na mizigo, huonekana kana kwamba kwenda kufundisha ni safari ile ile. (Jina la Kariakoo, msisahau, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walichukuliwa bila kujua waendako.)

Je, mwalimu wa Tanzania hana kazi inayomfaa Uchina? Anazo, lakini si ile anayouziwa.

Ya kwanza ni ya somo. Mwalimu wa hisabati, fizikia au kemia afundishaye kwa Kiingereza katika shule ya kimataifa si mwalimu wa lugha, kwa hiyo sharti la lugha ya kuzaliwa nayo halimhusu. Hutakiwa awe na shahada na miaka 2 ya kazi baada ya shahada. Kijana mwenye shahada ya sayansi na elimu, aliyefundisha kwa kweli na mwenye barua ya mkuu wa shule kuthibitisha hayo, ana haki ya kujaribu. Shule za namna hiyo huchagua sana, tena hupenda mtu aliyezoea mitihani ya Cambridge na mfano wake. Si rahisi, lakini ni njia ya mchana.

Ya pili yanifurahisha zaidi. Sheria ile ile inayomzuia Mtanzania kufundisha Kiingereza yamfungulia mlango wa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha yetu. Redio ya Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na tangu miaka hiyo Kiswahili hufundishwa Beijing, katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni na katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Mawasiliano. Vyuo vingine vimefuata, kama kile cha lugha za kigeni cha Tianjin. Siwadanganyi kwamba nafasi ni nyingi. Ni chache, nao hutaka watu wenye shahada za juu za Kiswahili. Lakini anayetaka njia hiyo na ajiandikishe BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo huweka orodha ya wataalamu na kutoa mafunzo kwa watakaowafundisha wageni. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu hapo wageni wanaotaka walimu wa Kiswahili wanajua pa kuuliza.

Ya tatu ni ile ya binti aliyetusomea barua. Yeye hakwenda Uchina hata siku moja. Alisoma Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2013, akafanya mitihani ya HSK ngazi baada ya ngazi, na sasa anapata riziki Kariakoo, anarudi kwao Buguruni jioni. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina taasisi kama hiyo tangu mwaka 2013. Na aliye na alama nzuri aweza kuomba msaada wa masomo wa Serikali ya Uchina, ambao kwa kawaida hulipa ada, malazi na posho. Maombi hayo hupitia wizara ya elimu na ubalozi, si mtu wa vibandani. Ila ajue kwamba mwanafunzi mwenye viza X haruhusiwi kufanya kazi apendavyo. Hata kazi ya saa chache huhitaji idhini ya chuo na ya polisi.

Nirudi kwa wazazi. Kijana akija na habari ya kazi ya ng'ambo, msimkemee, maana akikemewa ataendelea kwa siri. Mwulizeni kwa upole: shule yaitwaje, iko mji gani, mkataba uko wapi, na umeandikwa kwa lugha gani? Kama ni Kichina, usomwe na mkalimani asiyeletwa na dalali. Viza ni ya herufi gani? Nani amepewa leseni ya kumtafutia kazi? Sheria yetu ya huduma za ajira ya mwaka 1999 yataka wakala binafsi awe amesajiliwa, na habari zake huweza kuulizwa TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, au kwa Kamishna wa Kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 wasema kwamba kwa kawaida wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama. Tena iko Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008. Mtu amdanganyaye kijana juu ya kazi ya ng'ambo ili akatumikishwe huko aweza kuangukia humo, wala hiyo si kesi ya kumalizwa kwa soda barazani.

Na kama kijana yuko huko tayari na mambo yameharibika, asikae kimya kwa aibu. Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou. Awe na picha ya pasipoti yake katika simu, na nakala moja ibaki nyumbani, sandukuni mwa mama. Karani mwenzangu wa parokia nyingine hucheka nikisema habari ya sanduku. Acha acheke.

Mzee wa Mbinga alilala kwetu siku mbili. Siku ya kwanza tulikwenda na mwanawe kumtafuta dalali, tukakuta chumba chake kina mtu mwingine anayeuza vifuniko vya simu, naye akasema hamjui aliyekuwapo kabla yake. Siku ya pili tulikwenda polisi, shauri likaandikwa, tukapewa namba. Fedha hazijarudi, na sijui kama zitarudi. Kijana alikuwa na hasira kwanza, si na dalali bali nasi, kwa kuwa tulimkatia ndoto. Alinyamaza siku nzima. Jioni alimwuliza yule binti, Kichina hufundishwa miezi mingapi na ada ni kiasi gani.

Binti akamweleza, naye mzee akasikiliza kila neno. Kisha akauliza kama ada hiyo yaweza kulipwa kidogo kidogo, baada ya kahawa.